Sapatu Chini ya Kulabu ya Brodtkorb

Vigdis Aune anasema alisikia mambo yote kwa masikio yake mawili. Kabini yake na ya Profesa Brodtkorb zimetenganishwa na ubao mwembamba, ubao ambao profesa akikohoa yeye hujibu afya njema. Anasema siku ya Alhamisi, watu walipokwisha kunywa kahawa ya asubuhi, alirudi kabini kufuata miwani yake, na hapo akasikia mlango wa jirani ukigongwa. Profesa akafungua. Sauti ya mwanamume ikaanza chini chini, ikapanda, na maneno aliyoyadaka vizuri yalikuwa haya: "Kwa ajili yako tutafia humu." Profesa akacheka kile kicheko chake cha puani. Kisha mlango ukafungwa, kisha buti za profesa zikapita kwenye korido kuelekea ngazi, du, du, du, na huo ukawa mwisho wake. Sauti ile, anasema Vigdis, ilikuwa ya Aslak Utsi, mshika bunduki, yule anayelinda watafiti wasiliwe na dubu wakiwa barafuni.

Habari hiyo Vigdis alimpa nahodha, nahodha akampa naibu wake, naibu akaifikisha jikoni. Jorunn Skaar, mpelelezi wa polisi kutoka mji wa Longyearbyen, aliposhushwa na helikopta Ijumaa, kila mtu ndani ya meli ya Havsule alikuwa akiisimulia kana kwamba alikuwa amelala kabini ya Vigdis siku hiyo.

Helikopta iliahidi kurudi ikishajaza mafuta. Ukungu ukashuka nyuma yake kama pazia. Meli yenyewe ilikuwa imekwisha kubanwa, barafu imeishika ubavu kwa ubavu, kaskazini kabisa ya visiwa vya Svalbard, na kila baada ya muda chuma kililia chini ya sakafu, mlio mrefu kama wa ng'ombe aliyepotewa na ndama. Watu walikuwa wameacha kuusemea. Walinyanyua tu vikombe vyao kutoka mezani mlio ulipokuja, wakangoja, wakavirudisha. Nahodha alikuwa amepunguza moto wa kupasha meli ili mafuta yasiishe, na jua la kiangazi, ambalo halitui, lilikuwa weupe tu madirishani, weupe usio na juu wala chini.

Jumamosi asubuhi Jorunn alimwomba Vigdis aingie kabini mwake, afunge mlango, asikilize. Yeye mwenyewe akapita koridoni kwenda na kurudi, kisha akagonga.

"Nimepita mara ngapi?" akauliza.

"Bado hujapita. Nimekusubiri mpaka nimechoka, mdogo wangu."

"Nimepita mara tatu."

Vigdis akaangalia miguu ya Jorunn. Alikuwa amevaa sapatu za sufu, za kijivu, zenye ukingo mwekundu, kama alizovaa Vigdis na kama walizovaa watu wote melini. Zote zilinunuliwa Tromsø na kutolewa katika duka dogo la meli, hata kwa wageni. Juu ya zulia la korido zilikuwa hazisikiki zaidi ya paka.

Jorunn akamwuliza, bila kupandisha sauti, kama kwao mtu huingia sebuleni na buti. Vigdis akasema mama yake angemzika mtu huyo uani, tena bila sala. Je, humu melini? Buti za barafuni zinakaa katika chumba cha kuvulia, pale mlango wa nje ulipo, na tangu meli itoke bandarini hapakuwa na mtu aliyewahi kupitisha buti ndani ya kile kizingiti. Si kwamba lilikuwa katazo la nahodha tu. Lilikuwa ni jambo ambalo mtu wa huko hafikirii kulifanya, kama asivyofikiria kula supu kwa mikono.

"Sasa mimi nilisikia nini?" akauliza Vigdis.

"Hilo ndilo ninalokuuliza."

Mama wa watu akakaa kitandani. Akatafuta, akatafuta tena. Mwishowe akakiri kwamba alisikia mlango ukifungwa, basi. Buti zilikuja baadaye, alipoambiwa kwamba profesa ametoka nje na hajarudi. Alijua ametoka, na mtu anayetoka huvaa buti, na kila aliposimulia zikawa zinasikika vizuri zaidi. Jorunn akamwuliza na ile sauti je. Vigdis akasema sauti ilikuwepo kweli, na maneno yalikuwepo kweli, hayo anaweza kuapa. Lakini jina la Aslak alilipata wapi? Hapo akasema, akiinamisha kichwa, kwamba jioni ya Jumatano Aslak alikuwa amesema karibu maneno yale yale mezani, mbele ya kila mtu.

Kwa hiyo palibaki mlango, sauti ya mwanamume, na sentensi moja. Jorunn akamshukuru, akamwomba asimwambie mtu. Vigdis akasema atajitahidi, kwa uso wa mtu anayejijua.

Aslak alikuwa amefungiwa katika chumba cha wagonjwa. Ufunguo alikuwa nao Nahodha Birger Nergaard mwenyewe, mzee mrefu mwenye ndevu zilizokatwa vizuri na upole wa mtu ambaye hajabishiwa kwa miaka mingi. Alitokea nyuma ya Jorunn bila kusikika, kwa soksi nene nyeupe, akafungua mlango, akabaki amesimama pale pale.

"Binti, uwe mwangalifu naye," akasema. "Watu wa kule bara wana hasira za ghafla."

Jorunn akasema ataita akimaliza. Nahodha akakawia kidogo, kisha akaondoka.

Aslak alikuwa mtu wa Karasjok, Msami, wa kabila la wenyeji wa asili wa kaskazini, mfupi, mwenye uso uliochomwa na upepo. Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha wagonjwa akichonga kijiti kwa ukucha, maana kisu chake kilichukuliwa.

"Dada, umeniletea uji au pingu?"

"Maswali."

"Basi hata siagi haimo."

Alisimulia yale yale aliyomsimulia nahodha. Alhamisi asubuhi alikuwa chini ya ngazi ya nje, juu ya barafu, na bunduki begani. Ngazi ni hiyo moja. Profesa hakushuka. Hakuna aliyeshuka. Alipoulizwa kama huenda alisinzia, alisema mtu akisinzia barafuni huamshwa na dubu, na yeye anavyojua bado ni mzima.

Jorunn akamkumbusha mambo yanayomkalia shingoni. Vazi la nje la profesa halipo. Buti zake hazipo. Kibao chenye jina lake, kile ambacho kila mtu hukigeuza mlangoni anapotoka na anaporudi, kilikutwa kimegeuzwa upande wa nje. Na chini ya kulabu yake, pale mtu anapoziacha anapovaa buti, sapatu zake zilikuwa zimepangwa zikimsubiri.

"Najua," akasema Aslak. "Hizo sapatu nimetajiwa kuliko jina langu. Kila anayeniletea chakula ananiambia, Aslak, lakini sapatu ziko pale. Kana kwamba kuna mtu aliyeziona zikitembea."

"Ulimwambia profesa kwamba tutafia humu kwa ajili yake?"

"Nilimwambia. Jumatano, mdomo umejaa samaki, na nikamalizia kwa kuomba nipitishiwe viazi. Mtu anayetaka kuua haombi viazi kwanza." Akaacha kuchonga. "Yeye ndiye aliyetaka twende kaskazini zaidi, na kila mtu hapa alinung'unika. Mimi nilinung'unika kwa sauti. Sasa helikopta ikija nitapandishwa nimefungwa mikono, na hata ukinifungua baadaye itakuwa bure. Mshika bunduki aliyepoteza mtu hapewi tena kazi, hata ya kulinda mbwa. Na sisi wa Karasjok, dada, ushahidi kidogo tu unatutosha. Wewe mwenyewe unajua."

Jorunn akasimama. Alimwuliza swali moja la mwisho: siku ile aliona nini mbele ya meli? Aslak akasema ukungu ulikuwa umepanda kidogo na ufa ukafunguka katika barafu mbele ya omo, pua ya meli, maji meusi, upana wa kupitisha meli. Alifurahi, akasubiri kusikia injini. Injini haikulia. Baadaye ufa ukajifunga.

Kutoka hapo Jorunn alikwenda chumba cha kuvulia. Ni chumba kirefu chenye benchi pande mbili, kulabu ukutani juu ya benchi, jina juu ya kila kulabu, na harufu ya sufu mbichi ambayo haitoki. Kulabu ya Brodtkorb ilikuwa tupu. Chini yake zilikuwa zile sapatu. Hakuna aliyezigusa tangu Alhamisi. Watu walizizunguka kama mtu anavyozunguka kaburi lisilo na uzio.

Akazichukua, akakaa nazo benchini. Zilikuwa za kijivu, ukingo mwekundu, sawa na zote. Saizi kubwa, na profesa alikuwa mtu mkubwa. Akaingiza mkono katika ya kulia, akapapasa. Sufu ni kama udongo, inakumbuka mguu: palikuwa na shimo la kidole gumba na vijishimo vya wenzake, vinne, vimefuatana. Akaingiza mkono katika ya kushoto. Kidole gumba, na wenzake wanne.

Akapapasa tena.

Eilert Brodtkorb alikuwa na vidole vitatu tu mguu wa kushoto. Viwili vya mwisho baridi iliviua alipokuwa kijana, katika safari yake ya kwanza ya utafiti, na hakuna aliyewahi kusafiri naye ambaye hakuonyeshwa. Hata watoto wa shule ya Longyearbyen aliwavulia soksi darasani, wakapiga kelele, naye akafurahi sana. Jorunn akaenda kabini kwa profesa, akatoa chini ya kitanda viatu vyake vyepesi vya mazoezi. Cha kushoto kilikuwa kimejazwa pamba mbele, upande wa nje.

Alirudi koridoni polepole. Sapatu zile hazikuwa za Brodtkorb. Mtu aliziweka ili watu wa humu wakitazama pale wanapotazama kwanza, waone kitakachowatosha. Basi zake mwenyewe ziko wapi? Katika kabini hazikuwemo. Maana yake zilikwenda alikokwenda yeye, miguuni mwake. Na mtu aliyevaa sapatu hakutoka nje. Aslak alikuwa amesema kweli. Brodtkorb aliondoka Havsule bila kuvuka mlango.

Katikati ya meli, sakafu ya chini, kuna kisima. Ni tundu la mraba lililopita kutoka sakafu hadi chini ya meli, ili vipimo vishushwe baharini hata barafu ikiwa imezunguka pande zote. Jorunn alimchukua Vigdis, kwa sababu maji anayoyapima Vigdis hutoka humo. Vigdis akafungua kifuniko. Chini yao maji yalikuwa meusi, yana rojo ya barafu, yakipanda na kushuka kama kitu kinachopumua.

Waya wa winchi ulining'inia juu ya kisima, umeishia hewani. Vigdis akaeleza kwa huzuni ya kweli kwamba Alhamisi hiyo hiyo barafu iliukata, na kwamba chini yake vilikuwa vimefungwa vipimo vya miaka mitatu, kazi yote ya profesa. Nani aliyesema ni barafu? Nahodha ndiye aliyekuta umekatika, akawaambia.

Jorunn akapitisha kidole gumba kwenye ncha. Baba yake na wajomba zake walikuwa wavuvi wa Vardø, na waya uliokatwa na barafu au na mwamba alikuwa amekwisha kuuona uani tangu utotoni: nyuzi zake hutawanyika kama ufagio uliozeeka. Huu ulikuwa bapa kama kiazi kilichokatwa kwa kisu. Ukutani, hatua chache kutoka winchi, mkasi wa chuma wa kukatia waya wakati wa hatari ulikuwa mahali pake, umefutwa, unang'aa.

"Mkasi huo hutumika mara kwa mara?" akauliza.

"Mungu apishe mbali," akasema Vigdis. Kisha akaangalia ncha ya waya, akaangalia mkasi, akaangalia maji.

Mchana palikuwa na uji wa mchele, kama ilivyo Jumamosi kila meli na kila nyumba ya huko, na siagi katikati, na mdalasini. Watu walikula bila furaha. Nahodha alikaa kichwani pa meza. Jorunn akagonga kikombe na kusema kwamba ukungu umepungua kiasi, na anataka watu wote washuke barafuni wakatafute ukingoni mwa ufa, kwa kuwa wakiacha sasa huenda wasipate nafasi nyingine.

Mpishi akauliza kama na yeye ni mtu. Wachache wakacheka. Nahodha alikataa kwa adabu. Alisema barafu haitabiriki, ukungu unaweza kurudi, halafu nani atashika bunduki, maana mshika bunduki wamemfungia.

"Umemfungia wewe," akasema Jorunn. "Kwa hiyo utaishika wewe. Torgrim abaki kwenye usukani."

Torgrim, naibu wake, kijana mnene mwenye haya, alikubali haraka kabla hajaulizwa. Nahodha akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto kisu kisicho na makali.

Chumba cha kuvulia kikajaa. Watu walikanyagana, wakavuta mavazi mekundu kutoka kwenye kulabu, wakalaumiana kuhusu glovu. Mpishi alidai buti zake zimezaa, kwa kuwa ana ya kushoto mbili. Mmoja mmoja akageuza kibao chake, akashuka ngazi. Jorunn alikuwa mwisho, ameinama juu ya kamba za buti zake, akizifunga na kuzifungua. Nahodha alitangulia mbele kabisa na bunduki, kwa kuwa mshika bunduki ndiye wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda.

Chumba kilipobaki kitupu Jorunn akasimama, akatembea kandokando ya benchi akiangalia chini. Chini ya kulabu ya Vigdis, jozi, zimekanyagwa visigino. Chini ya kulabu ya mpishi, jozi yenye doa la maziwa. Jozi, jozi, jozi, zingine zimetupwa, zingine zimekumbatiana, kila jozi na sura ya mwenyewe. Chini ya kulabu ya Torgrim na ya Aslak hapakuwa na kitu, lakini Torgrim alikuwa juu na Aslak amefungiwa, wanazo miguuni. Chini ya kulabu ya Nergaard, iliyo ya kwanza karibu na mlango, hapakuwa na kitu pia. Nergaard alikuwa barafuni, amevaa buti.

Alizichukua zile za chini ya kulabu ya Brodtkorb, akazihamisha, akaziweka chini ya kulabu ya nahodha. Kisha akakaa benchini mkabala nazo, akangoja.

Hakungoja sana. Nje, chini ya ngazi, alisikia sauti ya nahodha ikimwita, mara moja tu. Kisha hatua zikipanda. Juu ya ngazi hatua zikasimama, na ukasikika mlio wa bunduki ikitolewa risasi, moja moja, na kufuli lake likiachwa wazi, maana bunduki haiingizwi melini ikiwa na kitu tumboni. Mlango ukafunguka. Nahodha akasema amewaacha watu wote chini kabisa ya ngazi, wasisogee mpaka arudi, na kwamba alidhani Jorunn ameteleza.

Hapo akaziona.

Akatundika bunduki. Akakaa benchini, akafungua buti zake, kamba ya kulia kisha ya kushoto, akazivua, akazipanga. Alifanya hayo yote kama mtu ambaye mikono yake haijapata habari. Akabaki na soksi nyeupe, na miguu yake akairudisha nyuma kidogo, mbali na sapatu.

"Zivae, Nahodha," akasema Jorunn. "Sakafu ni baridi."

"Nilidhani hakuna anayeangalia miguu ya nahodha."

"Duka la meli halikuwa na nyingine?"

"Saizi yangu iliisha." Akapangusa uso kwa kiganja. "Zangu tu ndizo zilizokuwa karibu. Mtu akitoka humu bila kuacha sapatu, wangeniuliza kabla kahawa haijapoa."

Alisimulia mwenyewe, bila kusukumwa, akiangalia mlango. Ufa ulikuwa umefunguka Alhamisi, njia nzima ya kutokea. Lakini waya wa Brodtkorb ulikuwa chini, mrefu kuliko mlima, na meli haiwezi kusogea barafuni na waya umening'inia tumboni. Kuuvuta kungechukua nusu siku. Alikwenda kumwomba aruhusu ukatwe. Brodtkorb alicheka. Nahodha akamwambia kwamba kwa ajili yake watafia humo, akashuka kisimani kuukata bila ruhusa. Brodtkorb akamfuata, na sapatu zake, akaushika waya kwa mikono miwili chini ya mkasi.

"Nilimhesabia," akasema nahodha. "Nilidhani ataachia. Mtu yeyote angeachia."

"Hakuachia."

"Aliondoka nao. Hakupiga hata kelele. Nilisimama pale nikiangalia maji, binti, sijui kwa muda gani. Nilipofika kwenye usukani ufa ulikuwa umejifunga."

Jorunn alimwuliza kuhusu vazi na buti za profesa. Navyo vilikuwa kisimani. Kibao alikigeuza kwa mkono wake. Akamwuliza kuhusu Aslak, na hapo kwa mara ya kwanza mzee akakwepa. Alisema hakumtaja. Watu ndio waliomtaja, Vigdis na wengine, jina lilikuja lenyewe likiwa tayari.

"Na wewe ukageuza ufunguo."

"Nikageuza."

Simu ya ukutani ikalia. Jorunn ndiye aliyekuwa karibu, akaipokea, akaishika katikati yao ili wote wasikie. Alikuwa Torgrim, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mvulana. Barafu inaachia, alisema. Upande wa kusini-magharibi kuna maji, njia inafunguka, upana unatosha, lakini kuna kona mbili na yeye hajawahi, hajawahi kabisa, nahodha apande sasa hivi, na watu wapandishwe.

Nahodha alikuwa amekwisha kusimama. Akachungulia nje, akawaita watu kwa mkono, kisha akarudi mbele ya Jorunn. Alizungumza haraka, chini chini, na lile neno binti alikuwa ameliacha.

"Afande. Watu kumi na tisa. Torgrim ni mtu mwema lakini ataivunja kwenye kona ya kwanza. Mimi nimetoa meli barafuni tangu kabla hujazaliwa. Nipe mpaka maji wazi. Usiseme kitu, na Aslak abaki alipo. Ukimtoa sasa wataelewa, na wakishaelewa hakuna atakayefuata amri yangu, na njia hii haitatusubiri tubishane. Tukifika maji wazi nitatia sahihi chochote utakachoandika. Ni masaa machache tu kwake. Amekwisha kukaa siku mbili."

Miguu ilikuwa ikipanda ngazi, mingi, na vicheko; habari ya maji ilikuwa imewafikia. Mpishi aliingia wa kwanza, akambusu Vigdis shavuni, akajibwaga benchini kuvua buti. Mtu akauliza nani kahamisha sapatu za marehemu. Vigdis hakucheka. Aliangalia sapatu zilipo sasa, akasoma jina juu ya kulabu, kisha akamgeukia Jorunn.

Torgrim aliita tena kwenye simu. Nahodha alikuwa amefika kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani ya korido, mkono kwenye fremu ya mlango. Angeweza kupanda. Hakupanda. Alimtazama mpelelezi, akingoja neno lake, na chini ya sakafu, kwa mara ya kwanza tangu Jorunn aje melini, hapakuwa na kitu kinacholia.